Maswali yenu: hela za utafiti kwenye vyuo vya afya vya makanisa

Mwezi uliopita niligusia hapa kwamba kabla sijawa mwandishi nilikua nesi, alafu nikafanya miaka kadhaa kwenye miradi ya utafiti huku kaskazini, natembea vijijini na kulboksi ya sampuli za damu na bahasha ya fomu za ridhaa. Nilidhani nimeandika kitu kidogo tu cha kupita. Kumbe! Meseji zimeingia na karibu zote zinauliza kitu kimoja, hela. Hela ya utafiti kwenye vyuo vya kanisa inatoka wapi, nani anaila, na kanisa linahusika vipi. Nimechagua sita, nyingine nimezifupisha kidogo, mnisamehe.

Bwana Yesu asifiwe mama. Mimi ni mzee wa kanisa huku Marangu. Usharikani kwetu michango ya hospitali haijawahi kukauka tangu nikiwa kijana. Sasa mjukuu wangu anasoma chuo cha hospitali ya KCMC, Moshi, ananiambia tafiti zote pale zinalipiwa na Wamarekani na Waingereza. Sadaka zetu zinafanya nini basi? Na kama mzungu ndiye analipa, hicho chuo bado ni cha kanisa?

Amen, na shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito na nitalijibu kwa urefu maana najua wengi wanaliuliza chini chini.

Kwanza tutenganishe mifuko, kwa sababu watu wanavichanganya vitu vitatu na kuviita jina moja. Kuna hospitali, ile iliyofunguliwa 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ambalo liko chini ya KKKT, yaani kanisa la Kilutheri. Kuna chuo, kilichoanza 1997 kikiwa tawi la chuo kikuu cha Tumaini. Na kuna utafiti, ambao unafanyika ndani ya hivyo vyote viwili lakini hela zake zina njia yake kabisa. Hospitali ni ya rufaa ya kanda kwahiyo serikali inabeba sehemu kubwa ya mishahara, wagonjwa wanachangia, bima zinalipa, na kanisa na marafiki wake wanasaidia majengo na vifaa. Chuo kinaishi kwa ada. Utafiti sasa, hapo ndipo sadaka haifiki, na sidhani kama kuna usharika wowote duniani ungeweza kuufikisha.

Hela ya utafiti inapatikana kwa kushindana. Mtafiti anaandika andiko, kurasa nyingi kweli kweli, anaeleza swali lake na namna atakavyolijibu na bajeti hadi ya glovu, analipeleka kwa mfadhili, wanasayansi wengine wanalisoma na kulipa maksi, na mara nyingi linakataliwa. Likipita ndo ruzuku inakuja. Mfadhili mkubwa kuliko wote kwenye afya duniani ni serikali ya Marekani kupitia taasisi yao ya utafiti wa afya, NIH, bajeti yao ni zaidi ya dola bilioni 40 kwa mwaka, kisha kuna mfuko wa Wellcome wa Uingereza, kuna mfuko wa Gates, kuna EDCTP ambao ni ushirika wa Ulaya na Afrika ulioanza 2003. Chuo cha KCMC na chuo cha Duke cha Marekani wameshirikiana tangu miaka ya 90, na maandiko mengi yameandikwa kwa mikono ya pande zote mbili.

Sasa nikupe mfano mmoja mzee ili uone hela hiyo inanunua nini. Ilikua 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa KCMC na hospitali ya Mawenzi wakapimwa kwa undani, damu na mkojo, wengine wakaitwa tena baada ya wiki kadhaa kupimwa upya. Madaktari walikua wameandika malaria kwa wagonjwa 528, yaani zaidi ya 60 kati ya kila 100. Maabara ilipomaliza kazi, wenye malaria ya kweli walikua 14. Kumi na nne! Wengine walikua na bakteria kwenye damu, wengine fangasi, na wengi tu walikua na magonjwa yanayotoka kwa wanyama, brusela, leptospirosisi inayoletwa na mkojo wa panya na mifugo, homa ya Q ambayo kipindi kile ukimtajia daktari wa wilaya anakuuliza ni kitu gani. Hayo yalichapishwa 2013 na mimi nakumbuka nilivyoyasoma nilikaa chini, kwa sababu nilikua nesi wodini na ni sindano ngapi za kwinini nilichoma watu ambao pengine hawakua na malaria kabisa. Ile kazi ilitaka vipimo ambavyo havikuwepo hata Dar, sampuli zikasafirishwa kwenda maabara za nje, na ruzuku ya NIH ndiyo iliyolipia.

Kwahiyo sadaka yenu ilifanya nini hapo? Ilijenga kitanda alicholalia yule mgonjwa. Mimi naamini hivyo kabisa, maana mtafiti hata awe na mamilioni ya dola hawezi kuanza mahali ambapo mgonjwa haji, na mama wa kutoka Rombo au Same anapanda basi kwenda KCMC kwa sababu bibi yake alikwenda na akatibiwa kwa upole na wakaombewa. Imani hiyo imejengwa na makanisa kwa miaka mingi na ndiyo mtaji ambao hauandikwi kwenye bajeti yoyote. Chuo bado ni cha kanisa mzee. Ila swali lako la pili lina ukweli ndani yake, kwa sababu anayelipa ndiye anayechagua swali, na kama mfadhili anapenda ukimwi na malaria basi kila kijana mwenye akili atasoma ukimwi na malaria, hata kama kijijini kwenu kinachoua wazee ni kisukari na presha. Hilo ni eneo ambalo kanisa lingeweza kabisa kuingiza mkono, hata kwa mfuko mdogo wa kuanzia wa vijana wachache kwa mwaka, na mzee kama wewe unaweza kulisema kwenye mkutano wa jimbo na ukasikilizwa.

Habari dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, Misungwi. Miaka ya nyuma walikuja watu wakatugawia vyandarua, wakawa wanarudi kuwatoboa watoto vidole. Tuliambiwa ni chuo cha Moshi na wazungu. Hatujawahi kuambiwa mwisho wake. Nani alifaidika?

Nzuri mama, na pole kwa kusubiri jibu muda wote huo. Nianze na hilo la kutoambiwa mwisho wake maana linaniuma. Niliwahi kuwa kwenye mradi (mwingine kabisa, sio huo wenu) ambao tuliahidi vijiji kwamba tutarudi na majibu, tukasaini kabisa, alafu hela ya kurudi ikakatwa kwenye bajeti ya mwisho na sisi wakusanya data ndo tukawa tunakutana na watu sokoni wanatuuliza. Unakosa pa kuweka uso.

Haya, majibu ni haya. Utafiti uliofanyika Misungwi ulikua wa chuo cha KCMC, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba (NIMR), chuo cha London cha magonjwa ya tropiki na chuo cha Ottawa cha Kanada. Hela ilitoka serikali ya Uingereza na Wellcome. Vijiji viligawanywa makundi 84 na kila kundi likapangiwa kwa bahati nasibu aina moja kati ya nne za vyandarua. Aina ya kwanza ni kile cha kawaida chenye dawa moja ambayo mbu wa huko walishaizoea. Nyingine tatu zilikua na kitu cha ziada. Watoto kuanzia miezi 6 hadi miaka 14 ndio waliotobolewa vidole, kupima kama wana vimelea.

Baada ya miezi 24, kwenye vijiji vya chandarua cha kawaida watoto karibu 46 kati ya kila 100 walikua na malaria. Kwenye vijiji vya chandarua kilichoongezwa dawa inayoitwa klofenapiri walikua karibu 26. Hiyo ni tofauti kubwa sana mama. Ilichapishwa 2022, na mwezi wa 3 mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo kwa nchi zote zenye mbu sugu kwamba vyandarua vya aina hiyo vitumike badala ya vile vya kawaida, wakitegemea utafiti wenu pamoja na mwingine uliofanyika Benin. Damu ya vidole vya wanao imo kwenye uamuzi huo. Leo mtoto wa Kongo au Nigeria analala ndani ya neti ya aina ile kwa sababu nyie mlikubali kufungua mlango.

Ulitaka kujua nani alifaidika. Watafiti walipata majina na vyeo, hilo nakuambia wazi, na viwanda vya neti vilipata soko. Watoto waliopangiwa neti nzuri walifaidika palepale. Na wewe unastahili kuambiwa, nakushauri muulize mganga mkuu wa wilaya au mwenyekiti wa kijiji kama majibu yaliletwa rasmi, maana mara nyingi yanaletwa kwenye ofisi na yanaishia kwenye faili.

Shikamoo mama. Mimi nimesoma chuo cha afya cha Bugando, Mwanza, nilipomaliza nikapata kazi kwenye mradi mmoja wa utafiti. Mwaka 2025 tukaambiwa mkataba umeisha, hela ya Marekani imesimama. Wenzangu wako nyumbani mpaka leo. Sielewi, chuo kina jina kubwa, kina kanisa nyuma yake, kweli kinashindwa kutubeba hata miezi mitatu?

Marahaba mwanangu. Pole sana, na nakuelewa kuliko unavyofikiri kwa sababu mimi pia mkataba wangu wa mwisho niliambiwa umebaki siku chache tu uishe, na nyumba ya kupanga nilikua nimelipia nusu.

Ngoja nikueleze mfumo ulivyo ili usimlaumu mtu ambaye siye. Ruzuku nyingi za NIH hazikuja moja kwa moja huku. Hela inaenda kwanza kwa chuo cha Marekani, na chuo kile kinaingia mkataba mdogo na chuo cha huku, wenyewe wanaita sabawodi. Bugando ilishirikiana na chuo cha udaktari cha Cornell kule New York karibu tangu ianze, na kulikua na kipindi hata jina la chuo lilikua Weill Bugando, kwa heshima ya Sanford Weill na mkewe waliotoa fedha. Sasa mwanzoni mwa 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, miradi ya USAID, shirika lao la misaada, ikapewa barua za kuacha kazi mara moja, alafu tarehe 1 Mei NIH ikatangaza haitatoa tena hizo sabawodi za nje mpaka watengeneze mfumo mpya. Yaani mlolongo ulikatika katikati, bosi wako wa huku hakua na cha kusaini.

Na hilo la kuwabeba miezi mitatu, hapa sikiliza vizuri maana ndo penye mzizi. Kila ruzuku ina sehemu mbili, kuna hela ya kazi yenyewe, na kuna hela ya kuendesha nyumba ambamo kazi inafanyika, umeme, jenereta, mhasibu, ulinzi, friji ya sampuli ambayo haitakiwi kuzima hata usiku wa Krismasi. Hiyo ya pili wanaita overhedi. Chuo kikubwa cha Marekani kinajadiliana na serikali yao na vingi vinapata zaidi ya dola 50 za overhedi juu ya kila dola 100 za kazi. Chuo cha nje ya Marekani, hata kiwe kizuri vipi, kwa NIH kinapewa 8. Basi. Mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali yao ilipotaka kuwashushia na wao mpaka 15, vyuo na majimbo wakakimbilia mahakamani, na mahakama ikazuia, na hoja yao ilikua kwamba maabara zitafungwa. Mimi niliposoma habari ile nilijiuliza sisi tumeishi na 8 miaka yote hii, na nani ametusemea.

Ukishapewa 8 huwezi kuweka akiba. Chuo cha kanisa hakina mfuko mkubwa wa urithi kama vyuo vya Marekani vyenye mabilioni yanayozaa riba, ada za wanafunzi zinaliwa na mishahara ya walimu, kwahiyo mradi ukifa na watu wake wanaanguka siku hiyo hiyo. Sio kwamba hawakupendi.

Lakini sitaki kuwatetea mpaka mwisho. Naona kosa moja ambalo liko kwenye uwezo wetu, ni kwamba tumezoea kuajiri watu kwa jina la mradi badala ya jina la chuo, mkusanya data wa mradi A hawezi kuhamia mradi B wakati kazi ni ile ile, na hakuna daftari moja la pamoja la watu wenye ujuzi. Na serikali yetu nayo, viongozi wa Afrika walikubaliana kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, ni miaka sasa, na sisi bado. COSTECH, tume ya serikali yetu ya sayansi na teknolojia, wana mfuko wa taifa wa sayansi unaitwa MTUSATE na unatoa ruzuku kwa Watanzania, vyuo vya dini navyo vinaruhusiwa kuomba, ila ni mdogo ukilinganisha na mahitaji. Omba huko mwanangu, unganisheni nguvu na wenzako watatu wanne na mwalimu mmoja wa chuo. Wewe ulichukua damu, ukaingiza data, ukajua fomu zinavyokosewa, huo ujuzi haujaisha na mkataba.

Asalaam aleikum dada. Mimi ni Muislamu wa Tanga. Mwanangu amepangiwa chuo cha afya cha kanisa. Je akifanya utafiti pale atalazimishwa mambo ya dini yao? Na kwanini Waislamu hatuna vyuo kama hivyo?

Waaleikum salaam. Hatalazimishwa, ndugu yangu. Mimi nimefanya kazi na Waislamu wengi sana kwenye miradi ya Moshi, wengine ndo walikua viongozi wetu, na mfadhili kama NIH ni hela ya serikali ambayo haiwezi kutumika kuhubiri. Kutakua na sala ya asubuhi kwenye baadhi ya mikutano, atakaa kimya kwa heshima basi.

Na mnavyo. Chuo cha Aga Khan kilianzishwa Karachi mwaka 1983 na Aga Khan wa nne, aliyekua imamu wa Waislamu wa Kiismailia, kikaanza kama chuo cha sayansi za afya, na leo kina kampasi Nairobi na Dar. Wao nao wanashindania hela zile zile, mwaka 2021 kampasi ya Nairobi pamoja na chuo cha Michigan walipata ruzuku ya NIH ya kutumia data kwenye afya ya mama na mtoto na afya ya akili, mradi wakauita UZIMA-DS. Jina zuri kweli.

Dada za saa hizi. Mimi niko Geita. Miaka kama kumi iliyopita mchungaji wetu alirudi kutoka semina akaanza kuhubiri tohara. Watu wakasema kanunuliwa na wazungu wa utafiti. Mimi nilitahiriwa kwa mahubiri yale na mpaka leo nataka kujua, alilipwa?

Salama kaka. Sijui mchungaji wako alikua semina gani, ila nina hakika na semina moja ambayo inafanana sana na unayoieleza, na ni kati ya tafiti ninazozipenda kuliko zote zilizofanyika nchi hii, kwahiyo nivumilie.

Tohara ya wanaume inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa ukimwi, hilo lilithibitishwa Afrika Kusini, Kenya na Uganda miaka ya 2000. Serikali ikaanza kampeni za bure kanda ya ziwa, ambako Wasukuma kwa asili hawatahiri. Watu hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Watafiti wa Bugando, NIMR Mwanza na Cornell walipokaa na wanakijiji wakauliza kwanini, wakaambiwa kitu ambacho hakikua kwenye fomu yoyote, kwamba tohara ni ya Waislamu, Mkristo akitahiriwa ataonekana kabadili dini. Ukimuuliza mchungaji hana jibu, hajawahi kufundishwa.

Wakaandika andiko. Vijiji 16, vyote vinapata kampeni ya kawaida ya serikali, ila kwenye nusu yake viongozi wa makanisa wanaitwa semina ya siku moja. Anayefundisha ni mchungaji Mtanzania pamoja na mtaalamu wa afya Mtanzania, wawili bega kwa bega, mmoja anafungua Mwanzo 17 na barua za Paulo, mwingine anaeleza kitabibu, na wachungaji wanauliza maswali yao yote magumu. Hawakuambiwa kahubirini tohara, walipewa elimu na wakaachiwa waamue wenyewe watasema nini kwenye makanisa yao, baadae timu ikawa inawatembelea.

Matokeo yalichapishwa 2017. Kwenye vijiji ambavyo wachungaji hawakufundishwa, wanaume waliotahiriwa walikua karibu 30 kati ya kila 100. Walipofundishwa wachungaji, wakawa karibu 53. Siku moja ya semina! Mimi nimeona kampeni zimekodi magari ya matangazo mwezi mzima na hazikusogeza namba kiasi hicho. Hela ilitoka mfuko wa Gates, NIH, na mfuko mmoja unaitwa Mulago. Kwahiyo ndio, hela ya semina ilikua ya nje, chakula cha mchana kililipiwa na wazungu ukitaka kusema hivyo. Lakini swali lilitoka kwa wanakijiji na jibu lilitoka kwenye Biblia ya mchungaji. Hilo ndilo jambo ambalo chuo cha kanisa kinaweza kulisikia na chuo kingine kikalipita, maana mtafiti wa Bugando akisikia neno "atabadili dini" anajua uzito wake mara moja.

Na kama mchungaji wako alipata nauli na soda, kaka, alistahili.

Mama, hongera kwa kazi. Sisi Wasabato wa Mara tunafundishwa kuhusu chuo chetu cha Loma Linda Marekani, kwamba utafiti wao umethibitisha chakula cha mimea kinaongeza maisha. Kaka yangu ambaye si Msabato anasema ule utafiti ni wa kanisa kujisifia, wamejilipa wenyewe. Nimjibu nini?

Asante baba. Mjibu hivi, kwamba fedha kubwa za utafiti ule hazikutoka kanisani. Loma Linda ilianza 1905 kule California kwa nguvu ya Wasabato na Ellen White mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kanisa lenu, aliwahimiza wainunue ile sehemu, lakini utafiti mkubwa wa sasa wa afya za Wasabato, ulioanza 2002 na kuandikisha watu karibu 96,000 wa Marekani na Kanada, umelipiwa kwa sehemu kubwa na taasisi ya saratani ya taifa ya Marekani, iliyo ndani ya NIH. Serikali haikuvutiwa na dini yenu, ilivutiwa kwamba hapa kuna watu ambao karibu wote hawavuti sigara wala hawanywi pombe, alafu kwenye chakula wanatofautiana, wengine hawali nyama kabisa, wengine wanakula samaki, wengine wanakula kila kitu. Ukitaka kujua chakula kinafanya nini bila sigara kukuvurugia hesabu, utawapata wapi wengine kama hao?

Ila kaka yako asidharauliwe, ana haki ya kuuliza nani kalipa, na ngoja nikupe mfano wa hapo hapo Loma Linda. Mwaka 1993 walichapisha utafiti kwenye jarida kubwa kabisa la tiba, kwamba wanaume wakila wolnati, zile karanga kubwa za kizungu zenye umbo kama ubongo, lehemu mbaya (kolesteroli) inashuka. Walikua wanaume 18. Na hela ilitoka kwa tume ya wakulima wa wolnati wa California. Mtu akisikia hivyo anacheka, lakini tafiti za baadae za watu wengine zilikubaliana nao kuhusu lehemu. Alafu ikaja kubwa zaidi, wazee 708 wa Loma Linda na Barcelona, miaka miwili, nusu wanakula wolnati kila siku na nusu hawali, kuona kama akili zitachelewa kuzeeka. Mlipaji ni yule yule mwenye shamba. Majibu ya 2020 yalisema kwa ujumla hakuna tofauti ya akili kati ya makundi mawili. Wakayachapisha hivyo hivyo, na jina la aliyelipa likiwa limeandikwa.

Kwahiyo mwambie kaka yako asome mstari ule mdogo wa mwisho wa kila utafiti unaosema nani katoa fedha, na akishausoma aangalie kama mlipaji alikaa mbali na kuhesabu majibu, kama majibu mabaya nayo yalitoka, kama watu wengine wamerudia wakapata kile kile. Kwa huo utafiti wa Wasabato mimi nauamini, na tangu niusome nakula karanga zetu za Dodoma kila jioni, za kukaanga bila mafuta.

Nikishiriki utafiti hospitalini nalipwa? (Meseji haina jina)

Hulipwi mshahara. Unarudishiwa nauli na muda kidogo, kiasi ambacho kamati ya maadili imekubali, na wanazuia kisiwe kikubwa ili mtu asiuze damu yake kwa shida. Kabla hujasaini fomu ya ridhaa, soma au usomewe sehemu nne, nani analipia utafiti, sampuli yako itakwenda wapi na itakaa muda gani, ukiumia nani atakutibu, na namba ya simu ya kamati, ya chuo na ya NIMR, maana zinatakiwa ziwepo. Kama hata moja kati ya hizo haipo usisaini, rudisha fomu kwa adabu. Na ukitaka kutoka katikati unatoka, matibabu yako yanaendelea kama kawaida, asikutishe mtu.